Hanan Porat na makazi ya walowezi wa Israel: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Ukingo wa Magharibi unaporudi kwenye taarifa ya habari, watu huuliza yaleyale. Walowezi walianza lini? Serikali iliwatuma au walijipeleka? Dini inaingiaje? Njia nzuri ya kuyajibu ni kumfuata mtu mmoja aliyekuwepo tangu mwanzo. Ukikuta umeelekezwa kwenye swali jingine, ujue jambo hilo limeelezwa huko kwa kirefu.

## Mambo ya msingi

1. Hanan Porat alikuwa nani?

Alikuwa mwanaharakati wa Kiyahudi, mwalimu wa Torati na mbunge wa Israel, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki kwa saratani tarehe 4 Oktoba 2011, akiacha watoto 11. Mwaka 1967 aliongoza kundi lililoanzisha kijiji cha kwanza cha walowezi katika Ukingo wa Magharibi, eneo ambalo Israel ilikuwa imeliteka kutoka Jordan katika vita vya Juni mwaka huo. Mwaka 1974 akawa miongoni mwa waasisi wa Gush Emunim, yaani Jumuiya ya Waaminifu, na kwa miaka mingi ndiye aliyeisemea mbele ya mawaziri, kamera na umati.

Hakuwahi kuwa waziri wala hakuwa rabi mkuu wa mahali popote. Alikuwa na uso wa kitoto, nywele zilizovurugika na ulimi wa kuimba mafungu ya Biblia. Wapo Waisraeli waliopinga kila alilolifanya na bado wakakiri kwamba ilikuwa vigumu kumchukia. Msomaji asiichukulie sifa hiyo kuwa jambo dogo, kwa sababu haiba yake ilifungua milango ambayo hoja peke yake isingeifungua.

2. Uzayuni wa kidini ni nini?

Waasisi wengi wa Uzayuni, harakati ya Wayahudi ya kujipatia taifa lao, kuanzia Theodor Herzl hadi David Ben-Gurion, hawakuwa watu wa sinagogi. Walitaka taifa, bendera na mashamba. Upande wa pili, Wayahudi wengi washika dini kali waliukataa Uzayuni wakisema kurudi Nchi Takatifu ni kazi ya Masihi, si ya wanasiasa. Wazayuni wa kidini walisimama katikati: walishika Sabato na wakashika jembe. Chama chao cha kwanza, Mizrachi, kilianzishwa mwaka 1902 na Rabi Yitzchak Yaacov Reines.

Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefariki mwaka 1935, ndiye aliyewapa falsafa. Alifundisha kwamba hata kijana asiyesali anayelima shamba Galilaya anaitumikia mipango ya Mungu bila kujua. Mwanawe, Rabi Zvi Yehuda Kook, aliyafunga mafundisho hayo kwenye ardhi yenyewe: kila sehemu ya nchi iliyotajwa katika Biblia ni takatifu, na serikali haina mamlaka ya kuiachia. Porat alikuwa mwanafunzi wake katika chuo cha Merkaz HaRav, Jerusalem.

3. Ni kweli Wayahudi walitaka kupewa Kenya?

Ndiyo, na habari hiyo ina uhusiano na mada hii kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Herzl wazo la makazi ya Wayahudi katika nyanda za Uasin Gishu. Mpango uliitwa wa Uganda, ingawa eneo hilo leo ni Kenya. Wanandi na Wamaasai waliolisha mifugo huko hawakuulizwa. Mkutano Mkuu wa Wazayuni mjini Basel uliamua kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma tume ya uchunguzi, na mwaka 1905 mpango ukatupwa.

Wajumbe wengi wa Mizrachi, watu wa dini, waliliunga mkono wazo hilo. Mwaka 1903 Wayahudi walikuwa wameuawa Kishinev, mji wa Dola ya Urusi, na kwa Rabi Reines kuokoa watu kulitangulia ardhi. Baada ya miaka 64 warithi wa chama chake walikuwa wanapigania kila kilima cha Hebroni na Nablus. Mageuzi hayo ndani ya kambi moja ndiyo yanayomfanya Porat astahili kusomwa.

## Kfar Etzion

4. Kwa nini kila mara inatajwa Kfar Etzion?

Kwa sababu ndipo alipolelewa. Wazazi wake walijiunga na kijiji hicho cha ujima, kusini mwa Bethlehemu, akiwa bado mtoto mchanga. Ardhi ya eneo hilo ilikuwa imenunuliwa na Wayahudi kabla ya vita. Januari 1948 wanawake na watoto waliondolewa kwenda Jerusalem. Tarehe 13 Mei, siku moja kabla Israel haijatangazwa kuwa dola, kijiji kilianguka mikononi mwa jeshi la Jordan na wapiganaji wa Kiarabu wa vijiji vya jirani. Watetezi wake zaidi ya 120 waliuawa, baadhi yao baada ya kujisalimisha.

Watoto hao, wengi wakiwa yatima, walikua wakisimuliwa habari za nyumbani. Kutoka upande wa Israel waliweza kuuona kwa mbali mwaloni mmoja uliosimama juu ya vilima vya Etzion, na palikuwa na desturi ya kwenda kuutazama. Kwa miaka 19 hawakuruhusiwa kuufikia.

5. Walirudije mwaka 1967?

Porat alikuwa askari wa miavuli katika kikosi kilichoiteka Jerusalem ya kale mwezi Juni. Miezi mitatu baadaye yeye na wenzake walimwendea Waziri Mkuu Levi Eshkol kuomba ruhusa. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi ilikuwa inakaribia, na vijana wakasema wanataka kusali mahali wazazi wao walipofia. Eshkol, mzee mwenye mizaha na mwenye kusitasita, hakuwa na moyo wa kuwakatalia. Tarehe 27 Septemba 1967 msafara ulipanda.

Kwa nje serikali ilieleza kuwa ni kambi ya kijeshi ya vijana. Hiyo haikuwa kweli, na kila aliyehusika alijua (tazama swali la 6).

6. Serikali ilijua kuwa sheria inakataza?

Ilijua kwa maandishi. Septemba 1967 mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Theodor Meron, aliandika kwamba kuhamishia raia katika maeneo yaliyotekwa kunakiuka Mkataba wa Nne wa Geneva. Kifungu cha 49 kinaikataza dola inayokalia ardhi kwa nguvu kupeleka watu wake huko. Waraka ulikuwa wa siri. Meron baadaye akawa mmoja wa majaji wanaoheshimika zaidi katika mahakama za kimataifa za uhalifu wa kivita.

Israel hujitetea kwamba Ukingo wa Magharibi haukuwa mali halali ya dola yoyote kabla ya 1967, hivyo mkataba hauhusiki. Ni serikali chache duniani zilizowahi kuikubali hoja hiyo. Azimio namba 2334 la Baraza la Usalama, Desemba 2016, lilipita kwa kura 14 bila ya kupinga, Marekani ikijizuia. Julai 2024 Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilitoa maoni kwamba uwepo wa Israel katika maeneo hayo ni kinyume cha sheria.

## Gush Emunim na Sebastia

7. Gush Emunim ilianzaje?

Ilizaliwa katika majeraha ya vita vya Oktoba 1973. Porat mwenyewe alijeruhiwa vibaya karibu na Mfereji wa Suez. Waisraeli walikuwa wamepoteza zaidi ya askari 2,500, viongozi wa zamani walikuwa wameaibika, na mazungumzo ya kurudisha ardhi yalikuwa yameanza. Februari 1974 kundi la wanafunzi wa Rabi Zvi Yehuda lilikutana Kfar Etzion. Walianza kama mrengo ndani ya Mafdal, chama cha Wazayuni wa kidini kilichoirithi Mizrachi, kisha wakakiacha.

Mafdal ya zamani ilikuwa chama cha watu wapole. Ilikaa katika serikali za mrengo wa kushoto, ikashughulikia Sabato, ndoa na shule za dini, na mambo ya vita na mipaka ikawaachia wengine. Vijana wa Gush Emunim walichoka kuwa abiria. Walitaka kushika usukani.

8. Nini kilitokea Sebastia?

Sebastia ni kijiji cha Wapalestina karibu na Nablus, chenye magofu ya Samaria ya kale. Jirani kulikuwa na kituo cha reli cha enzi za Waturuki, kilichoachwa bila kutumika. Kundi lililojiita Elon Moreh lilijaribu mara kadhaa kupiga kambi katika eneo la Nablus, na kila mara jeshi likawaondoa. Porat hakuwa kiongozi wa kundi hilo, lakini ndiye aliyezungumza, akashawishi na kupenya kwa wakubwa.

Mwishoni mwa Novemba 1975 walirudi na maelfu ya watu, wakati wa sikukuu ya Hanuka. Wakati ulikuwa upande wao. Tarehe 10 Novemba Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha azimio la kuuita Uzayuni ubaguzi wa rangi (Tanzania na Uganda ziliunga mkono, Kenya ilijizuia), na wajumbe wa Kiyahudi kutoka nchi nyingi walikuwa wanakusanyika Jerusalem kuonyesha mshikamano. Waziri Mkuu Yitzhak Rabin hakutaka ulimwengu uone askari wa Kiyahudi wakiwaburuta Wayahudi. Baada ya siku nane za mvutano Waziri wa Ulinzi Shimon Peres akakubali mapatano: familia 30 zihamie katika kambi ya jeshi ya Kadum iliyo karibu. Wakazi wa Sebastia hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Serikali ilidhani imewatoa kituoni. Kambi hiyo leo ni mji wa Kedumim.

9. Yule anayebebwa mabegani katika picha maarufu ni yeye?

Ndiye. Ilipigwa Sebastia Desemba 1975, mapatano yalipotangazwa: Porat juu ya mabega, mikono hewani, kinywa wazi, na Rabi Moshe Levinger katika umati huohuo. Levinger ndiye aliyeingia hotelini Hebroni kwa Pasaka ya 1968 na kukataa kuondoka, jambo lililozaa makazi ya Kiryat Arba.

10. Kwa hiyo serikali iliwapinga au iliwasaidia?

Yote mawili, mara nyingine ndani ya wiki moja. Rabin aliwachukia, mwaka 1976 aliifananisha Gush Emunim na saratani katika demokrasia ya Israel. Peres, aliyekuwa akigombea naye uongozi wa chama, aliwafumbia macho, na ndivyo makazi ya Ofra yalivyoanza katika majira ya kuchipua ya 1975 kama kambi ya vibarua. Jenerali Ariel Sharon alitembea nao vilimani. Menachem Begin aliposhinda uchaguzi wa mwaka 1977 alikwenda Kadum na kuahidi Elon Moreh nyingi zaidi.

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ufundi wa Porat. Aliingia kwanza, hodi akaipiga akiwa ndani. Alijua kwamba kila baraza la mawaziri lina mtu anayesita na mwingine anayemvizia mwenzake, na akajipenyeza katikati yao. Wanaosema walowezi waliilazimisha serikali wanasahau maji, umeme na ulinzi wa jeshi vilivyofuata ndani ya miezi michache. Wanaosema kila kitu kilipangwa na serikali nao wanazisahau nyaraka za siri za mawaziri waliokuwa wakilalamikiana.

11. Mahakama za Israel ziliwahi kuwazuia?

Ziliwahi, na kilichofuata kinashangaza. Mwaka 1979 wakulima wa Rujeib, karibu na Nablus, waliishtaki serikali kwa kutwaa ardhi yao ili kujenga Elon Moreh. Serikali ilidai ni kwa sababu za usalama. Lakini Menachem Felix, mmoja wa walowezi, alipeleka kiapo akisema wazi kwamba wako pale kwa sababu Mungu ameiahidi nchi hiyo, na usalama ni jambo la pili. Oktoba 1979 Mahakama Kuu ikawapa ushindi wakulima na kuamuru walowezi waondoke. Ukweli wa mlowezi uliuvunja utetezi wa serikali.

Ushindi haukudumu. Walowezi walipelekwa kilima kingine, Mlima Kabir. Kisha serikali ikaacha kutwaa mashamba ya watu binafsi kwa jina la usalama, ikageukia Sheria ya Ardhi ya Waturuki ya mwaka 1858 ili kutangaza maeneo yasiyolimwa au yasiyosajiliwa kuwa ardhi ya dola. Makazi mengi ya miaka ya 1980 yalijengwa kwa njia hiyo.

## Bungeni

12. Alikuwa mbunge wa chama gani?

Vitatu. Mwaka 1981 aliingia bungeni kwa tiketi ya Tehiya, iliyoanzishwa kupinga mapatano ya Camp David kati ya Israel na Misri. Mwaka 1988 alirudi kupitia Mafdal, kile chama alichokuwa amekikimbia. Baada ya makubaliano ya Wye kati ya Benjamin Netanyahu na Yasser Arafat mwaka 1998, alitoka tena na kuanzisha Tkuma pamoja na Zvi Hendel. Mwaka 1999 alichaguliwa ndani ya muungano wa Umoja wa Kitaifa, lakini hakumaliza muhula.

Kusema kweli bunge halikumfaa. Alikuwa mtu wa kilimani na darasani, na kijarida chake cha kila wiki cha mafundisho ya Torati kiliwafikia watu ambao hotuba zake hazikuwafikia.

13. Aliwahi kushindwa?

Sana. Aprili 1982 Israel iliubomoa mji wa Yamit huko Sinai ili kuirudishia Misri ardhi yake. Porat alikuwa miongoni mwa waliopinga hadi mwisho. Waziri wa ulinzi aliyesimamia ubomoaji alikuwa Ariel Sharon, rafiki wa siku za vilimani. Mwaka 2005 Sharon huyohuyo, sasa Waziri Mkuu, aliwaondoa walowezi wapatao 8,000 kutoka Gaza.

14. Ana uhusiano gani na Kaburi la Raheli?

Mwaka 1995, wakati Bethlehemu inaandaliwa kukabidhiwa kwa Mamlaka ya Palestina, Porat alikwenda kwa Rabin, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, kuomba kaburi libaki mikononi mwa Israel. Alifuatana na Rabi mzee Menachem Porush, ambaye inasimuliwa alimkumbatia Rabin akilia. Rabin akabadili ramani. Waislamu wanaliita eneo hilo Msikiti wa Bilal bin Rabah. Leo limezungukwa na ukuta wa zege, na Mpalestina wa Bethlehemu aliye mita chache kutoka hapo hawezi kuingia.

## Maswali yenye utata

15. Alihusika na mauaji au ugaidi?

Yeye hakushtakiwa. Harakati yake haikutoka safi. Juni 1980 mabomu yaliwekwa kwenye magari ya mameya wa Kipalestina. Bassam Shakaa wa Nablus alipoteza miguu yote miwili. Kikundi cha siri kilichofanya hayo kilikamatwa mwaka 1984, na ndani yake walikuwemo watu wa Gush Emunim.

Doa linalomwandama Porat binafsi ni la tarehe 25 Februari 1994. Siku hiyo Baruch Goldstein, mlowezi wa Kiryat Arba, aliwaua kwa risasi waumini wa Kiislamu 29 wakiwa katika sala, mwezi wa Ramadhani, ndani ya Msikiti wa Ibrahim, Hebroni. Ilikuwa pia sikukuu ya Kiyahudi ya Purim. Porat alionekana mbele ya kamera huko Kiryat Arba akitakia watu Purim njema. Alieleza kwamba alikusudia kusema sikukuu isifutwe hata katika siku nzito, na akalaani mauaji. Hata tukiyapokea maelezo yake, msemaji mwenye uzoefu wa miaka 20 alijua kamera zipo.

16. Aliwaona Wapalestina vipi?

Msimamo wa Gush Emunim ulikuwa kwamba Waarabu wanaweza kubaki kama watu binafsi, wakaishi na kufanya kazi, lakini si kama taifa lenye haki ya kujitawala katika nchi hiyo. Kwa vitendo, mlowezi anahukumiwa kwa sheria za kiraia za Israel na anapiga kura. Jirani yake Mpalestina yuko chini ya amri za kijeshi na hapigi kura ya kuwachagua wanaozitunga.

17. Kama alirudi nyumbani alikofukuzwa mwaka 1948, Wapalestina nao si wangerudi kwao?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wafuasi wake hawajawahi kulijibu vizuri. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au kufukuzwa katika vita vilevile. Wengi walikuwa na nyumba, visima na mizeituni mahali ambapo leo ni Israel, na watoto wao nao wamekua wakisimuliwa. Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya 1950 iliwanyang'anya. Sheria ya mwaka 1970 inamruhusu Myahudi kudai mali yake ya kabla ya 1948 huko Jerusalem Mashariki. Mpalestina hana njia kama hiyo kwa upande wa pili.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kfar Etzion palikuwa nyumbani kwake kweli. Sebastia hapakuwa nyumbani kwa yeyote kati ya waliocheza dansi kituoni. Porat alichukua uchungu halisi wa yatima wa mahali pamoja, akaugeuza kuwa hati ya kumiliki mamia ya vilima.

18. Kupinga makazi hayo si kupinga Biblia?

Swali hili huulizwa sana na Wakristo wa kwetu. Wayahudi washika dini wenyewe hawakukubaliana. Rabi Ovadia Yosef, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa karne ya 20, alitoa hukumu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba inaruhusiwa kuachia ardhi ikiwa kufanya hivyo kutaokoa maisha. Profesa Yeshayahu Leibowitz, mshika Sabato, alianza kuonya mara baada ya ushindi wa 1967 kwamba kuwatawala watu wengine kwa nguvu kutaiharibu Israel.

Mfano wa karibu zaidi ni Rabi Yehuda Amital, manusura wa mauaji ya Wayahudi ya Hitler. Porat mwenyewe alishiriki kumwita aje kuongoza chuo kipya cha Torati cha Har Etzion, katika vilima vilevile vya utoto wake. Mwaka 1988 Amital alianzisha Meimad, harakati ya kidini iliyokubali kuachia ardhi kwa ajili ya amani.

19. Walowezi wote ni watu wa namna yake?

Hapana. Leo wako takribani nusu milioni katika Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki. Miji mikubwa kabisa, Modi'in Illit na Beitar Illit, ni ya Wayahudi washika dini kali ambao wengi walifuata nyumba za bei nafuu. Ma'ale Adumim ina wafanyakazi wengi wanaokwenda Jerusalem kila asubuhi. Wenye itikadi ya Porat ni sehemu tu ya idadi hiyo, ila ndio waliofungua njia.

20. Vyama vya leo vinamhusu vipi?

Moja kwa moja. Tkuma, chama alichokianzisha, kilibadilika jina na uongozi hadi kikawa chama cha Uzayuni wa Kidini kinachoongozwa na Bezalel Smotrich. Tangu Desemba 2022 Smotrich ni Waziri wa Fedha, na amepewa pia mamlaka ndani ya Wizara ya Ulinzi juu ya mipango ya ujenzi na ardhi katika Ukingo wa Magharibi. Anaishi Kedumim.